Chipu Niliyoiunguza Koboko

Ipo siku moja haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu, na sijawahi kuisimulia kwa sababu hainipendezi. Juzi nilikaa kwenye benchi lako hapa Arua nikisubiri unimalizie kuitengeneza simu yangu, nikakusikia ukimwambia binti mmoja kwamba simu yake haishiki mtandao kwa kuwa mnara wa upande wa Manibe una matatizo wiki hii. Binti alishukuru, akaenda zake. Mimi nilikuwa nimekuona ulivyoifungua ile simu, ukaichungulia, ukajikuna shingo, ukaifunga. Sikusema kitu mbele ya watu. Leo tuko wawili tu, basi kaa nikueleze habari ya redio moja na ya kijana mmoja aliyekuwa na umri kama wako.

Ilikuwa miaka ya sabini ikielekea mwisho. Ufundi nilijifunza hapa hapa Arua kwa Mzee Mateso, Mkongomani aliyevuka mpaka na mkewe na cherehani mbili, akamwachia mkewe cherehani zote, yeye akashika redio. Umeme wa mji ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo chuma cha kulehemu tulikipasha kwenye sigiri ya makaa. Ulikuwa unakijaribu kwa kukitemea mate, na namna mate yalivyochemka ndiyo iliyokuambia kama kimekuwa tayari au kimezidi. Nyinyi mna vyuma vyenye vipimo vya joto, na bado mnalalamika.

Redio za wakati ule zilikuwa na transista sita au saba, kila moja imesimama peke yake na kazi yake inajulikana. Moja inapokea wimbi kutoka kwenye antena, nyingine inasaidia kuchagua stesheni, nyingine zinakuza sauti mpaka ifike kwenye spika. Mzee Mateso alitufundisha kuiuliza redio maswali. Unaanza nje: betri, waya za betri, swichi, antena. Ukishamaliza nje ndipo unaingia ndani, unagusa transista moja moja kwa ncha ya bisibisi ukianzia upande wa spika, na kila unapogusa unasikiliza kama spika itakujibu kwa mkwaruzo. Pale majibu yanapokatika ndipo penye ugonjwa. Sehemu ya ndani tuliipenda kwa sababu ilitufanya tuonekane waganga. Sehemu ya nje ilikuwa kazi ya kupangusa na kuvutavuta waya, na sisi vijana tuliiruka kila mzee alipotupa kisogo.

Nilipofikisha miaka ishirini na mitatu nilimuaga, nikaenda kufungua benchi langu Koboko. Nilipata kibaraza mbele ya duka la vitambaa la Haji Khemisi, Mnubi mwenye ndevu nyeupe aliyekuwa pia mtu wa mbele pale msikitini. Siku ya kuagana Mzee Mateso aliniambia jambo moja tu. Alisema zimeanza kuingia redio mpya ambazo hazina transista zangu nilizozizoea. Ndani yake kuna chipu, mdudu mmoja mweusi mwenye miguu mingi, na kazi zote za kupokea zimefungiwa humo tumboni mwake. Akasema nikikutana naye nisimtie moto, nimpelekee yeye Arua tutazame pamoja. Nilimjibu ndiyo, mzee, kwa ile ndiyo ya mtu ambaye mguu mmoja uko tayari kwenye lori.

Koboko wakaniita fundi. Na kazi nyingi nilizifanya vizuri, sitaki ufikiri nilikuwa mjinga wa kila siku. Ila nilikuwa nimeanza kupenda sana namna watu walivyonyamaza nikifungua redio, na hapo ndipo nilipoharibika.

Basi siku moja ya soko alikuja mama mmoja na redio amefunga ndani ya kanga. Watu walimwita Mama Rajabu. Alikuwa Mnubi, mjane, akiishi nyuma ya soko, na wote walijua simsim yake, ufuta wa kusaga, kwa sababu hapakuwa na nyingine laini kama ile. Mwanawe wa pekee, Rajabu, alikuwa ng'ambo ya mpaka, Juba, akitengeneza malori. Kurudi nyumbani hakuweza, na sababu zake miaka ile hakuna aliyemuuliza mama yake. Ile redio Rajabu ndiye aliyemtumia, mpya kabisa, na sasa ilikuwa imenyamaza.

Aliiweka mbele yangu, akaonyesha kile kitufe cha kubadilishia masafa. Upande wa kwanza ni masafa ya kati, ya stesheni za karibu. Upande wa pili ni masafa mafupi, ya stesheni za mbali.

"Fundi, hii ya kwanza hata ikikataa, si neno," aliniambia. "Mimi nataka hii ya pili. Hii ya pili ndiyo iko na kazi."

Hapo mtu mwenye akili angejiuliza mama wa Koboko ana kazi gani na masafa mafupi. Mimi sikujiuliza, kwa sababu palikuwa na wanaume watatu wanasubiri redio zao, na mmoja wao alikuwa amemaliza kusema kwamba siku hizi hakuna haja ya kwenda Arua, Koboko tunaye wetu. Nikafungua kifuniko cha nyuma nikiwa bado natabasamu. Nikatafuta transista zangu, nikazikosa. Katikati ya ubao alikuwa amelala mdudu mweusi, urefu wake kama ukucha wa kidole gumba, miguu kumi na sita, minane huku na minane huku.

Nilimtambua. Nilijua kabisa ni yule niliyeambiwa. Maneno ya kusema yalikuwa mafupi: mama, hii siijui, niache niipeleke Arua kwa mwalimu wangu. Lakini wale wanaume watatu walikuwa wamenyamaza wakinitazama, nami nikaona haya. Nikasema kwa sauti ya daktari kwamba tatizo nimeliona, arudi keshokutwa.

Walipoondoka nilikaa na yule mdudu. Sikuangalia betri. Sikuvuta waya hata mmoja. Nilihukumu kwamba mgonjwa lazima awe yeye, kwa sababu tu ndiye pekee nisiyemjua mle ndani. Nikataka kumng'oa nimtazame chini, kana kwamba chini kuna kitu cha kuona. Chuma kimetoka kwenye makaa, kina joto la kuyeyushia sufuria, na miguu ni kumi na sita. Ukiupasha huu na kuhamia ule, wa kwanza umeshaganda tena. Nikarudia, nikarudia. Njia za shaba kwenye ubao zikaanza kubanduka, na mgongo wa yule mdudu ukatoa harufu ya ukucha ulioungua. Alipotoka alikuwa na ufa. Nilimtia kwenye kiberiti kitupu, nikafunga, nikakaa nikikitazama kile kiberiti muda mrefu.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho ninachokiona kibaya kuliko kuunguza. Nilikuwa na redio ya zamani iliyopasuka sanduku, yenye masafa ya kati peke yake. Niliung'oa ubao wa Mama Rajabu pamoja na waya zake zote, nikachomeka ule wa zamani ndani ya sanduku lake zuri. Kitufe nilikiacha. Upande wa kwanza stesheni ilisikika vizuri. Upande wa pili palikuwa na mvumo tu, na mvumo huo ungeendelea mpaka mwisho wa dunia.

Aliporudi alikizungusha kitufe moja kwa moja upande wa pili, akasikiliza, akanitazama.

"Iko inavuma tu," alisema.

Nikamwambia hali ya hewa ya juu ni mbaya siku hizi, masafa mafupi yanasumbua kila mahali, asubiri, itarudi yenyewe. Mwanangu, uongo ule ulitoka bila kukwama mahali. Yeye alinishukuru, akaifunga redio yake kwenye kanga, akasema basi atangoja.

Alikuja tena mwezi uliofuata kuuliza kama hewa bado mbaya. Nikasema bado. Akaja mwezi mwingine, nikaona amekonda, na mikono yake haikuwa na harufu ya simsim. Nikasema bado, mama, vumilia kidogo. Wale wengine wenye redio za masafa mafupi pale Koboko hawakumwambia kitu, na yeye hakuwauliza. Miaka ile stesheni za ng'ambo zilisikilizwa ndani, mlango umefungwa, sauti chini, maana zingeweza kukuletea wenye bunduki mlangoni. Jirani hakujua jirani anasikiliza nini.

Siku moja asubuhi Haji Khemisi alikuja kwenye benchi akaniambia nisiwashe sigiri Alhamisi, kutakuwa na kisomo kwa Mama Rajabu. Anamsomea mwanawe. Nikauliza Rajabu amekufa lini. Haji akaangalia barabarani kwanza, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, kwa kuwa aliniamini.

Mama na mtoto walikuwa na mapatano yao. Barua zilifunguliwa vizuizini, kwa hiyo hawakuandikiana. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, alasiri, stesheni ya upande wa Sudan ilikuwa na kipindi cha salamu kwa Kiarabu, na Rajabu alikuwa akituma jina lake lisomwe. Mama akishalisikia, anamjibu kwa kopo la simsim iliyosagwa. Dereva wa lori analiacha kwenye duka moja Kaya, ng'ambo tu ya mpaka, bila neno, na Rajabu anatuma mtu kulichukua. Dereva hakumjua Rajabu, na mwenye duka hakumjua mama. Waliagana hivi: salamu zikikosekana miezi mitatu mfululizo, mama amsomee mwanawe. Kopo likikosekana miezi mitatu, mtoto amsomee mama. Na sasa, Haji akasema, salamu zimekosekana mara tatu.

Nilijua hesabu ile ya miezi mitatu ilianza wapi. Ilianzia kwenye meza yangu.

Nilipanda lori la kwanza kwenda Arua, na ubao wa Mama Rajabu na kile kiberiti mfukoni. Mzee Mateso nilimkuta akinywa chai. Nilimweleza yote, nikidhani atanipigia kelele. Hakupiga. Alimtazama yule mdudu mwenye ufa, akamweka pembeni. Kisha akashika waya wa betri uliokuwa bado umening'inia kwenye ubao, ule ambao mimi sikuugusa, akauvuta kidogo tu. Ukakatika mkononi mwake. Ndani ya ganda lake ulikuwa umeliwa na kutu ya kijani mpaka ukawa vumbi, maana betri zilikuwa zimewahi kuvuja. Nje ulionekana mzima.

"Huyu mududu hakukuwa mugonjwa," alisema. "Weye uliua mutu muzima, juu ya kusikia haya kusema haujue."

Mdudu mwingine wa kuweka badala yake hakuwa naye, na Arua nzima hakupatikana. Akainuka, akachukua redio yake mwenyewe ya masafa mafupi, aliyokuwa akiisikiliza yeye na mkewe, akanipa. Nilitaka kukimbia nayo. Akanishika mkono. Aliniambia redio ni ya pili, cha kwanza kufika kwa yule mama kiwe kinywa changu.

Nilifika Koboko Jumatano. Mama Rajabu alikuwa uani na wanawake wawili wanasaga simsim ya kisomo. Niliomba tuongee ndani. Nikamwambia redio niliiharibu mimi, ile hewa mbaya haikuwahi kuwapo, na kwamba kwa miezi mitatu redio yake haikuweza kumsikia Rajabu hata kama angeimba. Nilisema yote bila kupamba. Nilikuwa nikilia, na sikuona sababu ya kujizuia.

Aliuliza swali moja tu, kama kwa maneno yangu Rajabu yuko hai. Nikamjibu sijui. Lilikuwa neno lile lile lililonishinda kusema siku ya kwanza, na sasa ndilo pekee nililokuwa nalo. Akatikisa kichwa kuonyesha amesikia.

Kisomo alikiahirisha, na sababu hakuweza kuitaja, si mbele ya mji mzima. Watu wakasema huzuni imemgusa akili. Wengine walimwambia usoni kwamba anamnyima marehemu haki yake. Alivumilia maneno yale kwa siku zote zilizobaki mpaka Ijumaa ya kwanza ya mwezi, na kila siku mimi nilipita pale uani kumsalimu, naye akaitikia salamu na kuendelea na kazi.

Ijumaa ilipofika aliniita. Tukafunga mlango, tukaiweka redio ya Mzee Mateso kwenye mkeka, sauti chini, tukainamisha vichwa. Kiarabu chao nilikuwa nakamata neno hapa na neno pale. Majina yalisomwa mengi. Kisha nikasikia Koboko, nikasikia Rajabu, nikamgeukia mama kwa furaha. Lakini Mama Rajabu hakufurahi. Alikuwa amekaza macho kwenye ile redio. Nikasikia neno Fatiha, nalo nililijua.

"Anasema nini, mama?"

"Anaomba watu wasome Fatiha," alisema polepole. "Ya mama yake. Anasema mama yake wa Koboko alikufa."

Makopo matatu hayakufika, unaona. Mtoto alishika mapatano kama mama alivyoyashika. Kwa kazi ya mikono yangu watu wawili wazima walikuwa wakililiana kila mmoja upande wake wa mpaka. Na mama yule, aliyesikia kifo chake kikitangazwa, aliinama mpaka mdomo ukakaribia spika.

"Mimi niko hapa, Rajabu," akaiambia redio. "Mimi niko hapa."

Miaka yote ya ufundi wangu nilijua kwamba redio inapokea tu, hairudishi. Siku ile ndiyo nilielewa maana yake. Mtangazaji alikuwa ameshahamia jina lingine.

Aliinuka, akafuta uso, akachukua simsim iliyosagwa kwa ajili ya kisomo cha mwanawe, akaijaza kwenye kopo. Hakutaka kungoja lori. Nililifunga kopo kwenye baiskeli, nikaenda nalo mpaka mpakani, nikamkabidhi mkononi dereva aliyekuwa anavuka, nikangoja mpaka aliporudi kuniambia amelifikisha Kaya. Mwezi uliofuata Mama Rajabu alikuja kwenye benchi, mikono inanuka simsim. Aliniambia Rajabu amesalimu, na kwamba salamu zilikuwa ndefu kuliko zote. Hakusema amenisamehe. Aliniletea redio ya jirani yake iliyokuwa na ugonjwa, na mimi nikalichukua hilo kuwa jibu.

Halafu vita vikaja, watu wa Koboko wakavuka mpaka na vitu vichwani, naye akavuka na redio ya Mzee Mateso mgongoni. Sikumwona tena. Watu wawili waliniambia alimkuta mwanawe, na mtu mmoja aliniambia hakumkuta. Mimi nimeamua kuwaamini wale wawili, na kwa umri huu sitabadilika.

Kiberiti hiki hapa. Fungua, mtazame. Siku hizi wadudu wa namna hii wamekuwa wadogo kuliko punje ya simsim. Ndani ya simu moja wapo kadhaa, huyu anapokea mtandao, huyu anapokea redio, huyu anakuambia uko wapi duniani. Wewe unawajua kuliko nitakavyowajua mimi, na nafurahi. Ila hakuna fundi anayewajua wote. Kwa hiyo anza nje, mwanangu, hata kama kazi ya nje haikupi sifa. Mwenye kitu akikuambia ni upande gani una kazi kwake, mwulize kazi gani, au kama hawezi kusema, uchukulie kwamba ni kubwa. Ukifika mahali usipojua, sema sijui siku ile ile, mbele ya hao hao wanaokutazama, kabla chuma hakijapata moto. Na kama umeshaharibu, nenda na kinywa chako kwanza, vifaa vifuate. Yule binti wa juzi anakaa Adumi, nimeuliza. Kwenda na kurudi ni safari ya asubuhi moja.

Mungu akupe mikono mitulivu na benchi lisilokauka wateja. Akulinde na sifa za wanaosubiri zamu. Na akujalie ufike umri wangu bila kuinama karibu na spika hata mara moja, ukisikia mtu mzima anaombewa kama marehemu, nawe ndiye uliyemnyamazisha.